Milango Miwili ya Mitambo ya Simu

Ile milango miwili siipendi hata leo. Nilikuwa opereta katika jumba la mitambo ya simu, Kampala, miaka ile wanajeshi walipotutawala. Ili vumbi lisiingie, mlango wa ndani haukufunguka mpaka wa nje ufungwe. Mgeni alisimama katikati, katika kijichumba, hatoki wala haingii mpaka nibonyeze swichi mezani kwangu huku namtazama kupitia kioo. Mlango wa nje aliusukuma mlinzi wetu, mzee wa Bwaise, mtu wa kuniletea ndizi za kuchoma bila kuombwa.

Asubuhi moja akaja afande, kalalamika simu yake inakatika. Huyo nilimjua. Ndiye aliyempiga kaka yangu makofi mbele ya wanawe kule Kibuli, akaondoka na gari letu. Nilimchukia, wallahi, mpaka mate yakawa machungu. Akaingia katikati, askari wake akabaki nje kaushikilia mlango, maana desturi yao bosi hafungiwi mahali asipoonekana. Mzee wangu, kwa mazoea tu, akamwondoa yule askari mkono kwa adabu. "Samahani, ssebo, bwana wangu." Akausukuma, ukajifunga.

Lo! Afande alihangaika kama kuku ndani ya tenga. "Fungua hii mlango! Nyinyi nataka kuua mimi?" Akapiga kioo kwa ngumi, jasho linamtiririka.

Nilitakiwa kubonyeza tu, basi. Sikubonyeza. Nikajifanya natafuta kalamu. Nikamtazama anavyotetemeka, nikasema moyoni, onja na wewe, mshenzi. Nilifurahi, sitaficha. Kumbe huko nje askari alikuwa ameshamkaba mzee shingo, namsikia akilia kwamba hajafanya kitu.

Hapo ndipo nikabonyeza. Afande akaingia akihema. Nikamwambia, "Afande, mlango ndivyo ulivyotengenezwa, mzee hana kosa."

"Kama iko hivyo, mbona wewe nachelewa kufungua?"

Nikajibu kwamba mlinzi ndiye hunipa ishara, na leo hakunipa.

Hapakuwa na ishara yoyote, siku zote. Walimtia mzee kwenye buti la gari mchana kweupe, watu wanatazama viatu vyao. Mkewe alikuja siku tatu mfululizo kuniuliza mumewe alikosa nini. Nilimwambia sijui, mama.