Kisima Nilichokikausha kwa Mdomo

Nichekeni tu, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na nikiikumbuka masikio bado yanawaka.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na vipuri vikaanza kujaa madukani, nilikuwa fundi pampu Ngarenaro, na Mzee Zakaria wa Kisongo akaniita nibadilishe beringi na mapangaboi ya kusukumia maji yaliyolika ya pampu yake ya kisimani, siku moja kabla ya kipaimara cha mwanawe wa mwisho. (Nilimpenda binti yake Eliaichi, na mzee alikuwa hajaamua kama nafaa.)

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeufunika mlima Meru mpaka mabegani, Eliaichi akipita na ndoo polepole, utadhani anatembea usingizini, nami huku nikimwangalia nikafungua nyaya tatu za umeme wa pampu bila kuziwekea alama, nikijiambia nitakumbuka tu. Wapi! Vipuri nilivifunga vizuri, nyaya nikaziunga kwa kukisia, pampu ikashuka, nikawasha, ikanguruma chini kwa chini, maji yakaja matone.

Ndugu na majirani wote waliokuja kupika wakanitazama. Nikakohoa kitaalamu.

“Mzee, pampu ni nzima. Kisima ndicho kimekauka.”

Nilivyolisema kwa uhakika, nusura na mimi niamini. Mzee akavua kofia, akalia. Akasema mbele ya watu kwamba ni adhabu, kwa kuwa mwaka wa ukame alimnyima maji mdogo wake Yona, ng'ombe wakafa, na hawajasemezana tena. Akaagiza Yona aitwe. Yona akaja mbio kutoka boma la pili, wakakumbatiana, akina mama wakaanzisha wimbo, na mimi (mwongo mkubwa) nikaimba besi, macho yamenilowa kweli.

Hapo ndipo Singasinga aliyeniuzia vipuri akafika kuona vimekaaje. Akamwamkia mzee, akaitegea pampu sikio, akazima umeme, akazipishanisha nyaya mbili.

“Ilikuwa inazunguka kinyume,” akasema, akawasha. Maji yakaruka mpaka kwenye masufuria ya pilau.

Mzee akanigeukia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Maji nimepata, kijana, na ndugu yangu nimempata. Asante. Ila binti yangu simpi mtu mwongo.”

Eliaichi aliolewa na mtu wa Themi. Siku hizi nikikwama kazini nasema sijui, palepale, hata wakwe wa watu wakiwa wamenizunguka na ndoo.