Binti wa Marambo Mwenye Rekodi Mbili

Hajra Nampoto ametunza kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka kumi na tisa katika zahanati moja ya Nachingwea. Kila Ijumaa huomba orodha ya kituo kimoja cha upande wa Ruangwa, akailinganisha na yake mstari kwa mstari. Kompyuta za pande hizo mbili hazijaunganishwa, na wakulima huhama na mashamba yao: mtu hutibiwa huku wakati wa ufuta, kule wakati wa korosho.

"Dada Hajra, unatafuta mchumba humo?" muuguzi Edwin alimtania siku moja ya Oktoba.

"Natafuta tulipokosea. Nenda kazini."

Muda mfupi baadaye kidole chake kilisimama kwenye skrini. Tarehe ya kuzaliwa ileile, mama yuleyule, Samia wa Marambo. Lakini Ruangwa binti aliandikwa Mwanaima, Nachingwea Sikudhani. Na rekodi ya Ruangwa ilikuwa na onyo ambalo ya kwao haikuwa nalo: alivimba koo kwa penisilini, asipewe tena. Sikudhani alikuwa ndiyo kwanza ameingia chumba cha sindano.

Hajra alikimbia.

"Edwin, weka chini hiyo!"

"Cheti chake hakina neno, dada."

"Chetu hakina. Cha wenzetu kinalo." Akamgeukia mama. "Huyu ndiye Mwanaima?"

Binti akainamisha uso. Alikuwa ametoka unyagoni mwaka juzi na jina jipya, na jina la utoto likishaachwa, kulitaja mbele za watu ni kumvunjia mtu heshima. Hajra, mzaliwa wa hapahapa, akaona kosa lake.

"Nisamehe, mama. Sitaki jina. Alipochomwa sindano Ruangwa, alipatwa na nini?"

"Koo lilifunga. Tulijua ameshakufa."

"Mbona leo hukusema?"

"Si waliandika, dada? Nilijua kompyuta zenu zinaambiana."

Edwin alitupa sindano. Mama yule hakukosea kuwaamini. Aliyekosea ni kila mtumishi anayeandika onyo, akaliacha lilale pale alipoliandika.

Hajra aliunganisha rekodi mbili kuwa moja, kisha akamuuliza binti kwa sauti ya chini:

"Jina lile libaki kwenye kompyuta tu, lisiitwe dirishani. Unakubali?"

Binti alifikiri kidogo.

"Likiwa la kunilinda, libaki."