Mashine ya Kiambere Yaita Asubuhi Usiku

Saa mbili asubuhi, kituo cha maziwa cha Kiambere. Jua limeshachachamaa na mitungi ya maziwa imepangwa mlangoni, lakini Gatakaa hana habari nayo. Amekodolea macho kompyuta, kisha anamgeukia karani, Mzee Mugendi.

"Imekataa tena. Mzee, uliigusa?"

"Mimi? Hiyo mimi huipanguza vumbi tu, madam. Kunywa chai kwanza."

Gatakaa haamini neno. Yeye ni mfanyakazi wa kampuni ndogo ya programu za kompyuta mjini Meru, na kazi yake ni kuichunguza programu ya chama cha wafugaji, inayopokea na kuandika maziwa. Kila inapobadilishwa, huipitisha kwenye majaribio yale yale ya zamani, ahakikishe kilichofanya kazi jana hakijaharibika leo.

Meru majaribio hupita. Kituo cha Githongo hupita. Kiambere, kwa diski ile ile, moja hukataa: maziwa ya asubuhi yanaitwa ya usiku na kurudishwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema kwa uchungu. Tangu kompyuta iletwe mwaka juzi, 1996, Mugendi hakuipenda, na hakuficha. Jana Gatakaa alimpigia meneja wa chama simu, akamtaja kuwa ndiye anayeiharibu. Meneja akaamua: leo jioni mzee akabidhi funguo, aende zake.

Anakagua nyaya. Anabadilisha diski. Chai anaiacha ipoe. Nani ajuaye kilichotiwa?

Mwishowe anaiuliza mashine saa. Inajibu: 2.14, usiku.

"Nani aliweka hii saa?"

"Ni mimi, stima iliporudi. Si ilikuwa saa mbili? Nikaandika mbili. Ama huko kwenu Meru mbili ni ngapi?"

Lo! Gatakaa anashika kichwa. Kwa mashine, inayohesabu saa kizungu, mbili ni saa nane za usiku. Lakini kinachomchoma ni kingine: jaribio alilitunga mwenyewe, akaliacha litegemee saa ya mashine yoyote linamoendeshwa. Kwingine lilipita kwa bahati tu, kwa kuwa saa za huko zilikuwa sawa.

"Mzee, nisamehe. Aliye nguoni ni mimi."

Anamrudia meneja kwa simu, anakiri kosa ni lake. Meneja anadakia: "Huyo mzee amekupa nini?"

"Hata chai yake sijanywa!"

"Nakuja jioni. Nitajionea."

Basi Gatakaa anarekebisha saa ya mashine, kisha anaketi kuandika upya kila jaribio, libebe saa na tarehe yake lenyewe. Mpango wake ni mmoja: meneja akifika, aweke saa yoyote aitakayo, hata ya uongo, na jibu liwe lile lile.

"Na kama hataamini?" Mugendi anauliza, mkono mfukoni mwenye funguo.

Gatakaa anavuta kikombe kilichopoa, anakunywa chote mbele ya mzee.