Leseni Isiyo na Jina la Qabale

Mimi Mwaro niliacha shule darasa la sita, na Garsen nzima hakuna simu iliyokufa ikanishinda. Wenye diploma wakifika kibandani kwangu wananyamaza. Lakini huyu Qabale! Nikianza kusimulia habari zake damu inachemka.

Qabale ni karani wa kikundi cha wafugaji pale Minjila. Mama wa watoto wanne, kukaa chini hajui. Miezi mitatu alitembea na simu mkononi akipima malka, zile njia za ng'ombe kupita katikati ya mashamba kwenda kunywa mtoni. Akazichora kwa kompyuta. Programu ya ramani nilimwekea mimi, ya bure. Wakulima wa Wema na Hewani wakaiangalia ile ramani, wakakubali. Ilibaki kuipeleka kwa kamati ya ardhi Alhamisi, ipigwe muhuri.

Jumanne akaja kwangu, uso umekauka.

"Mwaro, leseni ya ile programu iko wapi?"

"Imo humo humo ndani, dada. Inasema tumia, gawa, hata badilisha ukitaka."

"Ina jina langu?"

"Haina jina la mtu."

"Basi si yangu! Leseni ya duka la Kanze iko ukutani, jina lake na muhuri. Dadacha wa kikundi chetu amesema wenye programu wako Ulaya, watanishtaki."

Dadacha! Alienda semina moja Malindi, mpaka leo nadhani anaoga na ile beji.

"Dada, Mzungu gani atapanda basi aje akukamate Minjila? Mbu watammaliza kabla hajauliza kwako ni wapi."

"Cheka tu. Wa kuitwa kortini si wewe."

"Nitajie mtu mmoja ameshtakiwa kwa hii kitu. Mmoja!"

"Wa kwanza hajulikani mpaka ashikwe."

Nikamwita mwoga, mbele ya wateja. Hilo nalo ni kosa langu, nalisema. Akaenda zake, akafuta programu, akafuta ramani, karatasi alizokuwa ameprinti akazitia moto jikoni. Alhamisi kamati ikachora ramani yake yenyewe bila kutoka ofisini. Malka tatu tu. Ile ya Huka, kaka yake Qabale, haimo.

Sasa ni kiangazi. Huka amepitisha ng'ombe pale pale alipopitisha baba yake. Mgeni mmoja aliyenunua shamba hapo juzi akatoa karatasi ya kamati, akamshtaki. Kesi imekuja kweli, na haikutoka Ulaya! Na Dadacha? Anapita barabarani akisalimia watu.

Jana Qabale alisimama mlangoni kwangu, miguu vumbi tupu. Alikuwa ameshaanza kupima upya.

"Kesi ya Huka inasikizwa tarehe kumi na nne. Niwekee ile programu."

Matusi yote niliyokuwa nimemwekea nikayaacha, nikamvutia kiti.

"Ya bure ile? Huogopi?"

"Naogopa. Weka."