Baba Alikuja Bila Mshenga

Kuni mbichi hutoa moshi unaouma macho na kung'ang'ania nguo hata zikifuliwa. Ndiyo harufu ya Februari ile niliyoishi Kibakwe kwa babu mzaa mama, mvua ikinyesha vilimani na mahindi yakiwa yamenipita kimo. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amefungasha nguo zetu na kuondoka Dodoma kwa sababu shangazi zangu, dada zake baba, walimsimanga mbele ya wageni kwamba kazaa mtoto mmoja tu kisha akafunga duka. Baba alikuwa amekaa palepale. Alitazama sahani yake, asiseme neno.

Babu alikuwa mtu wa taratibu. Kwake, mume aliyekimbiwa huja na mshenga, mshenga husema, mume huinamisha kichwa, wazee huamua. Lakini jikoni, nikichambua maharage, nilimsikia mama akimwambia mama mdogo kwamba mumewe akileta mtu wa kumsemea, harudi ng'o. Tangu hapo kila pikipiki ilipopanda kilima, moyo ulinienda mbio. Nilimpenda baba, na nilijua hana habari ya sharti hilo.

Alifika Siku ya Wapendanao. Sidhani kama aliichagua; alikuwa muuza mtama wa soko la Majengo, na siku alizozijua ni za gulio. Mama mdogo ndiye aliyevaa blauzi nyekundu tangu asubuhi, na redio ya babu ilikuwa ikisoma salamu za wapenzi mfululizo. Baba alishuka kwenye bodaboda, tope hadi magotini, akamwamkia babu shikamoo. Babu aliitikia, akampa kiti, akazima redio, akamuuliza mshenga yuko wapi. Baba akajibu kwamba amekuja peke yake. Bila ukali wowote, babu akamwambia arudi akamtafute mtu mzima wa kumsemea, kisha waje wote wawili. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mkono wake umenibana bega hadi likauma. Baba akainuka. Nilitaka kumwita. Akatembea hadi uani, akasimama akiitazama ile bodaboda, halafu akarudi, akakaa.

“Mzee, naomba radhi,” alisema. “Dada zangu walipomtukana mke wangu, nilinyamaza. Nikimtuma mtu leo, nitakuwa nimenyamaza tena. Nampenda. Nimekuja kulisema mwenyewe.”

Mbele ya mkwe, neno hilo halitamkwi. Babu aliona aibu waziwazi, akageukia ukutani. Mama akatoka jikoni.

“Na wao utawaambia?”

“Nitawaambia.”

“Mimi nikiwepo?”

“Ukiwepo.”

Aliwaambia Jumapili iliyofuata, mama amesimama kando yake. Shangazi mkubwa hakukanyaga kwetu hadi Krismasi, nasi tukala kwa amani.

Siku hizi Dodoma nzima huvaa nyekundu Siku ya Wapendanao, na mimi sioni ubaya. Mwaka huu mume wangu aliniletea maua na keki yenye jina langu, nikafurahi kweli. Lakini wiki moja kabla, mama yake alinisema vibaya mezani, mwenzangu akachukua simu akaanza kuperuzi. Basi nilimshukuru kwa maua, nikayatia maji, nikamuuliza lini tutakwenda kwa mama yake. Akauliza kuna nini huko. Nikamwambia kuna neno lake la kusema, nami nitakuwepo. Maua yamekwishanyauka. Bado hajataja siku.