Maua ya Njano Ambayo Wanda Hataki Kuyaona

Saa moja asubuhi, jua la Oktoba bado halijavuka vilima, na Wanda Pietras ameinama nyuma ya nyumba yake akikagua kichaka tawi kwa tawi. Kila kitumba anakigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Anatafuta maua. Anaomba asiyaone.

"Leo bado," anasema, anashusha pumzi. "Basi kahawa itapita kooni."

Anavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, maana wawindaji wameshaingia msituni na hakuna anayetaka kudhaniwa paa. Anatupa sepetu nyuma ya pikapu, anaondoka kwenda kazini.

Wanda ana miaka sitini na minane. Katika mji huu mdogo wa mashariki mwa Connecticut, kazi yake ni kuwapandia watu vichaka kwenye nyua zao, na kichaka anachokijua kuliko vyote ni wichi-hezeli, kile ambacho maji yake kila bibi wa huku huyaweka kabatini kwa ajili ya michubuko na ngozi inayowasha. Analipwa dola thelathini kwa saa. Ardhi ikiganda, kazi nayo inaganda.

Leo yuko kwa Doris Lathrop, mwalimu mstaafu anayetaka ua wake usafishwe.

"Hiyo takataka ya kando ya uzio ing'oe yote," Doris anaamuru kutoka barazani. "Hezeli halisi huzaa kokwa za kuliwa; hii hata moja haijanipa!"

"Shuka huku kwanza, mwalimu. Leo mwanafunzi ni wewe."

Wanda anamshikisha jani: ukingo wake una mawimbi, na kitako kimeshuka upande mmoja. Juu ya jani pana vinundu vya wadudu vilivyochongoka kama vikofia. Kisha anamwonyesha maua, kila moja nyuzi nne za njano zilizokunjamana kama utepe uliofunguliwa kwenye zawadi.

"Yanachanua wakati majani yanadondoka?" Doris anashangaa.

"Kaidi. Kama mtu fulani ninayemjua."

Tap! Kitu kinagonga kofia ya Doris. Anageuka huku na huku. "Nani ananirushia mawe?"

Wanda anacheka mpaka anashika mbavu. Ni mbegu. Ganda lake likikauka hupasuka na kuirusha mbegu hatua nyingi. Anamshauri Doris akiache kichaka hapo hapo, penye jua la asubuhi na udongo usiokauka, akipe nafasi ya kutanuka, akiwekee majani makavu shinani.

Lakini akiyatazama yale maua ya njano, kicheko kinamkatika. Hayo hayo ndiyo anayoyaogopa kwake.

Kichaka cha nyumbani si cha mwitu. Dada yake, Stasia, alikiotesha kwa mbegu, na kikatoa maua mekundu kama supu ya viazisukari vyekundu waliyopikiwa na mama yao. Yalichanua Februari, juu ya theluji. Hakukuwa na kingine kama hicho. Stasia alikata kikonyo, kijitawi cha kupandikiza, akakibebesha juu ya shina la mwitu viungane viwe mti mmoja, na ule mti wa kwanza ukafa. Baadaye Stasia naye akafariki.

Shina la mwitu halikati tamaa. Kila mwaka hutoa machipukizi chini, na yasipokatwa humeza kile lilichobebeshwa. Maua ya njano Oktoba ni mwitu. Maua mekundu Februari ni Stasia.

"Nilisema nitabebesha vingine kesho," anasema Wanda. "Kila mwaka, kesho."

Machi mwaka huu aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, akalazwa. Jirani yake, Armand Gaudette, mgane ambaye kila baridi hukimbilia kwa binti yake Florida, ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Armand akazimwagia ngazi za Wanda chumvi ya kuyeyusha barafu, akamlisha paka, akamwekea jikoni sufuria ya supu ya njegere. Kisha akaona kichaka.

Kile cha Stasia hukumbatia majani yake yaliyokufa mpaka majira ya kuchipua. Armand, ambaye hajawahi kuwa huku Februari, aliona matawi yenye majani makavu akadhani yamekufa. Akayakata yote mpaka chini, akaacha yale yasiyo na majani, ambayo kumbe ni machipukizi ya mwitu, akarundika udongo shinani, akapeleka matawi jalalani. Kwa wema mtupu.

"Pale palipobebeshwa pana fundo," anasema Wanda. "Ningechimba ningejua siku ile ile. Lakini nikikuta hakuna kitu?"

Kiangazi hakikumsaidia. Ukame uliyachoma majani kabla hayajabadilika rangi na kumwonyesha kama cha Stasia bado kipo. Na Wanda hakumwambia Armand neno. "Utamwambiaje mtu aliyekuoshea vyombo wakati huna mkono?"

Siku tatu baada ya kazi ya kwa Doris, anatoka asubuhi kukagua. Nyuzi za njano zimejaa kichaka kizima.

Armand anavuka barabara na kikombe mkononi. "Aa! Nilikwambiaje? Kinyozi wa kichaka chako nani, si mimi?"

Wanda anapiga magoti na kuanza kufukua udongo kwa vidole. Armand, bila kuuliza, anaweka kikombe chini naye anapiga magoti, huku akilalamikia viungo vyake. Fundo linatokea. Juu yake pana visiki vilivyokatwa. Na ubavuni, kimejificha kwenye majani, kijitawi chembamba kama penseli, kina majani matatu makavu yasiyotaka kuachia.

"Hiki kimekufa," anasema Armand, anachomoa mkasi mfukoni. "Ngoja nikuondolee."

"Usikiguse!"

Mkasi unaganda hewani. Ndipo Wanda anamweleza yote, kwa sauti ndogo, akiwa amekishika kijitawi kwa mikono miwili.

Armand anakaa chini palepale kwenye umande. "Miezi yote hii unanipikia keki ya tufaha," anasema hatimaye, "na mimi nilimkata dada yako."

"Ulikuwa unanitunza, mzee wewe. Lete waya wa kuzuia paa, acha kulia."

Jioni ile kijitawi kimezungushiwa waya na kufungwa uzi mwekundu, na machipukizi ya mwitu, pamoja na maua yake yote, yamekatwa. Mpango wa Wanda ni kukata vikonyo Januari, ncha yenye vitumba ikiachwa ichanue, na kuvibebesha juu ya miche mitatu aliyoiotesha kwa mbegu: mmoja wake, mmoja wa Doris, mmoja wa ng'ambo ya barabara. Bado anaogopa. Barafu nene moja, paa mmoja mwenye njaa, na hakuna tena.

Armand amempigia simu binti yake wa Florida. Amemwambia asimtandikie kitanda mwaka huu, maana Februari ana kitu cha kukiona huku.