Muti ya Mupaka Yenye Nilifuta na Kidole

Kwetu Nyamitaba, nyuma ya jiko ya mama, kuko ndege mumoja mwenye haya kupita bibi-arusi. Tumbo yake ni ya rangi ya machungwa, na juu ya macho kuko mustari mweupe, utasema muntu alimupaka poda mbio-mbio. Asubui anaimba kama mwenye kulipwa. Ukitoka tu kumuangalia, amekwisha kuingia mu majani, na weye unabaki na kuku.

Mimi masomo haikuisha. Nilifika mwaka ya ine ya sekondari, hesabu ikanishinda, nikaiachia wenye nguvu. Nikapata telefone yenye kioo ilipasuka kwa kona, nikajiita fotografe. Ndoa, komunyo ya kwanza, ng'ombe ya kuuzisha, vyote nilikuwa napiga. Lakini watu wanasumbua. Huyu anataka umupunguze tumbo, ule anataka umufutie jasho, na mwingine anataka umutoe bwana yake pembeni. Njo nikasema basi, nitapiga ndege. Ndege hawezi kukuambia umemutoa mubaya.

Nikachukua shiti ya plastiki ya mama, ile yenye anaanikaka maharagi, nikajifunika nayo karibu ya jiwe kubwa kwenye ananoleaka jembe. Juu ya jiwe nikaweka minyoo, yenye nilitafuta mimi mwenyewe mu mavi ya ng'ombe. Muntu wa sekondari! Nikalala pale natoka jasho. Mbuzi ikakuja, ikaona kilima mupya, ikapanda juu ya mugongo wangu.

"We! Uko unafanya nini mule?" mama akalalamika toka jikoni.

"Niko natega ndege, mama. Sema pole-pole!"

"Unamutega wa kula?"

"Wa foto."

"Mbuzi ilikushinda kuchunga, leo njo unachunga ndege. Na mbuzi njo inakuchunga weye."

Nilirudia vile asubui mingi. Ndege alikuwa anakuja, anaangalia shiti, anaangalia minyoo, anajiuliza kama muntu mwenye akili anaweza kulala chini ya plastiki, anaenda zake. Kisha siku moja, jua ikitoka tu, njaa ikamushinda. Akasimama juu ya jiwe, muguu moja juu, jicho inang'aa. Nikapiga. Foto ikatoka safi, nikataka kulia.

Kisha nikaangalia nyuma ya ndege. Mungu wangu!

Kushoto, choo yetu na mulango yake ya gunia. Juu ya kamba, kaptula ya ndani ya papa mudogo, ndugu ya baba, na tundu pahali tundu haistahili kuwa. Bidon ya maji, ya njano. Kuku moja anajinyea. Na kuume, muti ya mupaka imesimama wima mu foto, kama mushahidi wa ndoa mwenye hakuna mwenye alimuita.

Kwetu, mupaka ya shamba haiko ya kuandika. Ni ile muti ya majani marefu, magumu, yenye wazee wanachomeka mu udongo siku wanapatanisha majirani. Wanakunywa kasiksi pale, pombe ya ndizi, na toka siku ile hakuna mwenye kuigusa. Tangu utoto tunaambiwa: iba ndizi, iba muwa, lakini ile muti uiache. Hata mwizi wa ng'ombe anaizunguka.

Mimi niliing'oa na kidole.

Mu telefone kuko programe ya kufuta. Unapitisha kidole juu ya kitu, kitu inapotea, na pale panajaa majani mengine, sijue inatoka wapi. Nikafuta choo. Nikafuta bidon na kuku. Kaptula nikaifuta mara mbili, ilikuwa inarudi. Muti ya mupaka njo ilitoka kwa urahisi kuliko vyote. Ndege akabaki peke yake mu majani mabichi, kama hajawahi kuona umaskini.

Nikaiweka ku statu ya telefone, kila muntu aione. Watu wakashangaa. Papa jirani, mwenye shamba yake iko ng'ambo ya ile muti, akakuja mwenyewe ku lupango, mu kiwanja yetu.

"Mutoto yangu, hii ni kwetu kweli? Inafanana na Ulaya! Nitumie na miye."

Nikamutumia, nimevimba kichwa. Dada yangu tu, mwenye aliolewa Walikale, njo aliniharibia furaha. Aliandika: "Iko muzuri. Lakini pembeni ya ndege kuko fagio nyeusi. Anafagiaka?"

Nikamujibu: "Dada, ile ni sanaa. Hauwezi kujua."

Kisha video ya ndoa moja ikajaza memwari, telefone ikakatala kufanya kazi, nikaanza kutupa vitu. Nikatupa ile foto ya kwanza, yenye choo. Nani anatunza choo?

Wakati wa kupanda maharagi ikafika. Mama akashuka na jembe ku kipande ya chini, mbele kidogo ya ile jiwe, akarudia mbio, mikono mitupu. Muti ya mupaka haiko. Udongo imelimwa mupya, toka kwa papa jirani, inapita, inafika ku muti yetu ya avoka.

Ile kipande, ngojea niseme vizuri. Shamba yetu ingine yote inalala ku kilima. Kule unapanda, mvua inashuka na mbegu, jirani wa chini njo anavuna. Kipande ya avoka tu njo iko sawa-sawa. Maharagi yenye tunakula mwaka muzima inatoka pale. Ikienda, mama atabakia na avoka moja na fotografe moja.

"Mupaka ni avoka," papa jirani akasema. "Toka zamani."

Tukaenda kwa shefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji. Wazee wenye walipandaka ile muti walikuwa wamekufa, na watu wengine hawakutaka kujichongea kwa papa jirani, sababu ana watoto wengi na mudomo murefu. Mama akaeleza. Shefu akauliza papa jirani kama ana kitu ya kuonyesha.

Papa jirani akatoa telefone mu koti. Nikajua ni foto gani mbele hajaifungua.

"Shefu, angalia. Hii ni lupango yao, jiwe yao hii. Muti iko wapi? Na hii foto haikupigwa na mutoto yangu. Ni mutoto yao."

Shefu akavaa lunete ku macho. "Nani alipiga hii?"

"Ni miye, shefu."

"Muti iko wapi?"

"Niliifuta, shefu."

"Uliifuta na nini?"

"Na kidole."

Watu wakapasuka na kicheko. Shefu akangojea. "Sababu ya nini?"

"Ilikuwa inachafua ndege."

Mama akaniangalia toka kichwa hadi miguu. "Mimi nilizani nilizaa mutoto," akasema. "Kumbe nilizaa wakili wa jirani."

Nikaanza kujitetea. "Papa jirani, na choo yetu iko wapi mu foto? Hata yenyewe haionekane!"

"Labda mulijenga nyuma, foto imekwisha kupigwa," papa jirani akajibu.

"Nyuma? Siku ya matanga ya baba si ulikaa mule hadi watu wakagonga?"

Watu wakacheka tena, lakini shefu akawanyamazisha na mukono. Alisema choo inaonyesha tu ya kwamba niko muongo, na muongo hawezi kusaidia mama yake. Na ilikuwa kweli. Nikasimama pale, naona maharagi inaenda, na mama anafunga kitenge yake vizuri kama mwenye kujitayarisha kurudi nyumba bila kitu.

Njo fagio ikanirudia mu kichwa.

"Shefu! Fungua foto na vidole viwili, ikuwe kubwa. Pale pembeni ya jiwe. Unaona nini?"

Akasogeza karibu na pua. "Naona fagio."

"Haiko fagio. Ni kivuli! Nilifuta muti, nikasahau kivuli yake. Shefu, mimi ni fotografe mubaya sana. Kazi yangu haina mwisho muzuri hata siku moja, uliza watu."

"Ile hatubishe," papa mudogo akasema.

"Aliniharibia komunyo," mama mumoja akaongeza nyuma.

Sijawahi kufurahi vile kwa kutukanwa.

Kesho yake, jua ikitoka tu, tukakuwa wote ku jiwe. Shefu akashika telefone, akaniambia nisimame kule kwa upande ya mupaka. "Sogea. Tena. Rudi kidogo. Nyoosha mikono juu, uko muti." Nikanyoosha. Kivuli yangu ikaenda, ikaenda, ikalala pembeni ya jiwe, palepale pa fagio. Kusimama kama muti, njo kazi ya kwanza nilifanya bila kosa.

"Chimbeni ku miguu yake."

Mama hakungojea muntu. Akapiga jembe karibu akate kidole yangu, na sizani ilikuwa bahati mubaya. Mu udongo mukatoka mizizi ya rangi ya machungwa, ile yenye kila muntu wa kwetu anajua ni ya muti gani. Juu yake kisiki ya muti, imekatwa safi.

Papa jirani akakohoa. "Labda ng'ombe ilikula."

"Ng'ombe yenye kubeba panga," mama akasema.

Muti mupya ilichomekwa palepale, papa jirani njo aliileta kasiksi, na aliikunywa mwenyewe nusu. Shefu akaamuru foto. "Na usifute kitu! Hata inzi."

Nilitaka ndege akuwe mu foto. Niliweka minyoo, tukangojea. Hakukuja, na kwa watu wengi vile, ningekuwa ndege hata miye nisingekuja. Nikapiga basi vile. Kuko muti, kuko jiwe, kuko choo na gunia yake, kaptula ya papa mudogo, papa jirani amekunja uso, mbuzi nusu.

Mama aliniambia niiweke mu telefone yake. Wageni wakikuja anawaonyesha.

"Hii ni foto ya ndege, mutoto yangu njo alipiga."

"Ndege iko wapi, mama?"

"Ana haya," anasema, na kidole yake imekwisha kufika ku muti.